Nauli ya Begi la Pili

Mama yangu alikuwa na mkono wa birika, hasa akiwa safarini. Nyumbani kwetu Buyenzi, mtaani Bujumbura, aliweza kumpa mgeni sahani yake mwenyewe, yeye akashindia chai, lakini akishapanda gari hakuna aliyemtoa faranga moja isiyo na sababu. Tangu baba alipofariki, kabla ya vita, alikuwa akienda Rumonge mara tatu au nne kwa mwaka, kwa mdogo wake wa pekee, ambaye mimi nilimwita mama mdogo. Huko ndiko kwenye michikichi, na mawese yake ni rahisi kuliko ya mjini. Alikwenda na bidoni mbili tupu, akarudi nazo zimejaa, nusu akawauzia majirani na nusu tukapikia. "Safari moja, kazi mbili," ndivyo alivyosema. Kumwona ndugu peke yake hakukutosha kumtoa mtu nauli. Kununua mafuta peke yake kadhalika.

Chakula cha njiani alitoka nacho jikoni mwake: mihogo ya kuchemsha, mayai, karanga. Mihogo aliifunga kwa majani ya mgomba, na tukishakula, majani yale yakawa ya mbuzi wa yeyote tuliyempita. Maganda ya mayai alirudi nayo katika kitambaa, akayatwanga, akawapa kuku. Maji yalikuwa kwenye chupa ya mafuta aliyoisugua kwa majivu mpaka ikaacha kunuka. Abiria wengine waliponunua soda dirishani, aliwatazama kwa huruma, kana kwamba wanaugua. Mimi niliona aibu. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na minne, fundi wa nguo mwenye cherehani yangu, na nilitamani mara moja tu ninunue hindi la kuchoma njiani kama watu wengine, nile, nitupe gunzi dirishani.

Kilichonikera kuliko vyote ni mifuko ya plastiki, ile tunayoiita sashe. Mama hakutupa sashe. Aliifua kwa sabuni, akaianika kwenye kamba pamoja na nguo zetu za ndani, akaikunja, akaiingiza sashe ndani ya sashe mpaka likawa bonge kubwa lililofungwa kwa utepe wa kitambaa. Bonge hilo alisafiri nalo. Huenda mvua ikanyesha, huenda bidoni ikavuja, huenda mama mdogo akatupatia ndagala, dagaa wale wa ziwani, wabichi wa kurudi nao. Mara nyingi halikutumika. Lilikwenda Rumonge na kurudi, na mimi ndiye niliyelibeba.

Na kulikuwa na sanda. Kaka yao mkubwa, marehemu sasa, alikwenda Hija katika miaka ya neema, akarudi na jora la bafta ambalo sehemu yake aliichovya katika maji ya Zamzam. Alikata vipande viwili sawasawa, akawapa dada zake wawili. Kila mmoja aliandaa chake: akakata vipande vitano vya sanda ya mwanamke, akaongeza pamba, karafuu maiti, kichupa cha marashi, mche wa sabuni, na pesa kidogo za waoshaji. Mama alivitia vyote katika foronya yenye maua mekundu, na popote alipolala nje ya nyumba yake, foronya ile ililala karibu naye. Si yeye tu, wapo wazee wengi wa kwetu waliosafiri hivyo. Wenzangu waliona ni jambo la kutisha. Mimi nilishalizoea, kama vile mtu anavyozoea kuona mwavuli.

Sababu yake aliniambia mara moja, na sikuisahau. Vita vilipoanza, mgeni mmoja aliyekimbia kwao alifia kwenye baraza ya msikiti jirani na kwetu. Hakuwa na ndugu wala kitu. Vijana walivua kofia, wakaizungusha duka kwa duka, gereji kwa gereji, mpaka ikapatikana bei ya bafta. Mama alisimama mlangoni akaiona kofia ile ikipita.

"Mi sitaki banichangie," aliniambia. "Mutu mukubwa, umeishi miaka yote ile, halafu banakuzungushia kofia? Apana. Siku yangu, mutu asitoe hata franga moja."

Safari ninayoisimulia ilikuwa wakati wa vikwazo. Nchi jirani zilikuwa zimetufungia mipaka, petroli iliuzwa barabarani kwa chupa, na nauli ilipanda kila wiki. Barabara ya kusini ilifunguliwa na kufungwa kama duka: asubuhi askari waliikagua, magari yakaruhusiwa kwenda kwa msafara, na alasiri hakuna aliyepita tena. Siku nyingine haikufunguliwa kabisa. Mama alikuwa na presha, miguu ilikuwa imemvimba, na daktari wa zahanati alimwambia apumzike. Alinisikiliza nikimrudia maneno ya daktari, kisha akasema anataka kumwona mdogo wake, na mawese yameisha.

Basi la Rumonge lilikuwa na desturi moja: begi la kwanza unalipakata bure, la pili unalilipia karibu nusu ya nauli. Mama alikuwa ameshapanga mabegi mawili, mbali na langu. Alasiri ya kuamkia safari, akiwa amejilaza, aliniita.

"We fundi, unajua kukunja. Fanya ile mabegi mbili ikuwe moja."

Pesa ya begi la pili ilikuwepo. Wiki ile nilikuwa nimemaliza kushona mapazia ya mke wa mkubwa mmoja wa Kiriri, na alinilipa bila kubishana. Nilimwambia mama nitalipia mimi. Akageukia ukutani akasema pesa yangu na pesa yake ni pesa moja. Nilikaa sakafuni nikatoa kila kitu, nimenuna. Nikakunja upya kanga zake, nikaviringisha blauzi, nikaingiza dawa ndani ya viatu. Bado begi halikufunga. Kilichobaki nje ni bonge la sashe, lile lile lililonitesa miaka yote. Nilipolinyanyua nililiona zito kidogo kuliko kawaida. Nikasema moyoni, ameongeza mengine tena. Nikalisukuma kwa mguu mpaka chini ya kitanda changu.

Foronya ya maua sikuiona, na sikujiuliza iko wapi. Nilidhani ameshaitia katika mkoba wake wa mkononi.

"Byote biliingia?" mama aliuliza kutoka kitandani.

"Byote, mama," nikamjibu. Nilisema uongo ili nisisikie hotuba ya sashe.

Kesho yake tulikaa kwenye kizuizi cha kusini, baada ya Kanyosha, kuanzia saa moja asubuhi mpaka karibu saa tano. Viti vya upande wa ziwa vilikuwa ghali siku zile, kwa sababu risasi zilitoka milimani, na wenye navyo waliviuza kwa wengine humo humo garini. Mama alikataa kununua. Alikaa upande wa mlima, begi mapajani, chupa yake ya maji katikati ya miguu, akaniambia risasi ikitaka itapita gari zima. Nilikasirika, nikakaa kando yake. Njiani tulipita lori lililoungua. Mama hakuligusa yai lake. Nilipolimenya nimpe, aliniambia nitunze maganda.

Tulifika salama. Mama mdogo alitupokea uani kwake, mwembamba, mcheshi, mjane kama dada yake, hana mtoto. Walishikana mikono wakakaa hivyo muda mrefu. Kisha mama akafungua begi kupanga vitu vyake, na mimi nilikuwa nakunywa uji nilipomwona anatoa kila kitu, anakirudisha, anakitoa tena.

"Sashe iko wapi?" akaniuliza.

"Niliiacha. Haikuingia."

"Ile imefungwa na utepe?"

"Njo ile. Mama, ni sashe tu, hapa mama mudogo anazo."

Mama aliketi juu ya mkeka. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililonitisha. Alisema foronya ilikuwa imechakaa, akaikata kuchujia mafuta, na vitu vyake akavitia katika sashe ili mvua isiviloweshe. Sashe ndani ya sashe, kama kawaida yake. Kwa nje usingeweza kutofautisha bonge hilo na lile la siku zote. Mimi, ninayeishi kwa kushika vitambaa, ambaye vidole vyangu vinaijua bafta gizani, nililisukuma kwa mguu.

Nilimwomba radhi. Akasema si kitu, basi tutarudi kesho.

"Na mafuta?" mama mdogo akauliza. "Bado hata hujakaa."

"Mafuta itangoja."

Sikuwahi kumsikia akisema hivyo. Alikuwa tayari kulipa nauli ya kurudi na bidoni tupu. Mimi nilitazama chini, na hata leo nikikumbuka maneno hayo natamani angenitukana tu.

Kesho yake barabara haikufunguliwa. Msafara uliotoka mjini nyuma yetu ulikuwa umeshambuliwa, watu wakasema magari mawili, wengine wakasema matatu. Siku ya pili mama alivaa, akafunga begi, akakaa kwenye kiti karibu na lango. Nilikwenda kituoni mara tatu, na mara tatu nilirudi na jibu lile lile. Siku ya tatu alivaa tena. Jioni yake alinivuta mkono akaniambia, "Ile kitu yangu, panya basiikule." Nikamwahidi nitaitazama mara tu tukifika. Alicheka kidogo. Chini ya kitanda changu panya walikuwepo kweli.

Siku ya nne, mchana, alianguka uani akitawadha kwa swala ya adhuhuri. Mama mdogo alikuwa karibu, akamdaka kichwa. Birika lilipinduka, maji yakatufikia miguuni. Alipumua kidogo tu baada ya hapo.

Kwetu maiti hangoji. Kutoka Rumonge mpaka Buyenzi, siku za amani, ni mwendo usiofika saa mbili kwa gari. Ningekwenda na kurudi kabla ya magharibi na sanda yake mkononi. Nilitoka nje nikatazama barabara: hapakuwa na gari hata moja, mbuzi tu walikuwa wamelala katikati ya lami. Nilirudi ndani nikamwambia mama mdogo nakwenda dukani kununua bafta, pesa ninayo.

"Apana," akasema.

Aliingia chumbani, akatoka na fungu lake. Lilikuwa ndani ya kitenge cha zamani, limekunjwa vizuri. Bafta ile ile, jora lile lile, maji yale yale. Alilifungua mbele yangu, akatoa sabuni, pamba, karafuu maiti, kichupa, mpaka pesa za waoshaji.

"Hii ni sawa na yake," alisema. "Alitaka ya kaka, atapata ya kaka. Ya duka apana. We utaniletea ile yake, mi nitabaki nayo."

"Nitakuletea," nikasema.

"Barabara ikifunguka."

"Ikifunguka tu, mama mudogo."

Mama alizikwa alasiri ile kwa sanda ya mdogo wake, na hakuna aliyetoa faranga wala aliyeambiwa sanda ni ya nani. Nilijifariji kwa hilo. Nililia, ndiyo, lakini ndani yangu kulikuwa na mtu mdogo aliyepumua, aliyesema kosa limerekebishika, limebaki jambo la kupeleka mzigo tu.

Nilikaa Rumonge wiki tatu. Barabara ilipofunguliwa nilirudi mjini, nikaingia chumbani kabla ya kuvua viatu, nikalivuta bonge kutoka chini ya kitanda. Panya walikuwa wamekula ncha ya utepe, basi. Nilifungua sashe moja, ya pili, ya tatu, ya nne. Ndani kabisa bafta ilikuwa nyeupe, kavu, inanukia marashi. Foronya niliikuta jikoni imetundikwa kwenye msumari, maua yake yamegeuka rangi ya mawese. Niliketi na vitu hivyo viwili mapajani mpaka jirani akaja kubisha hodi ya pole.

Sasa nifike kwenye lililo langu peke yangu, maana lile la kwanza naweza kusema sikujua.

Ningeweza kwenda wiki ile ile. Barabara ilikuwa wazi siku tatu kati ya saba. Nauli ilikuwa imepanda sana baada ya shambulio, lakini pesa za mapazia zilikuwa hazijaisha. Nilitoa begi, nikaitia sanda ndani, nikatazama zile bidoni mbili mlangoni. Mavuno ya michikichi yalikuwa miezi miwili mbele, na wakati huo mawese hushuka bei. Nikienda sasa, nitalipa nauli hiyo yote kupeleka kitambaa, nirudi mikono mitupu. Nikingoja mavuno, nitapeleka sanda na kurudi na mafuta. Safari moja, kazi mbili. Mama mwenyewe angefanya hivyo, nilijiambia, na nikaona fahari kidogo kwamba nimejifunza. Sikutaka kukumbuka kwamba siku zake za mwisho alilifunga begi mara mbili aende bila mafuta.

Mama mdogo alinitumia salamu mara mbili. Mara ya kwanza kwa dereva wa lori: anauliza hali yangu. Mara ya pili kwa mwanamke muuza ndagala: anauliza hali yangu, na je, ule mzigo. Yule mwanamke alikuwa akirudi Rumonge keshoye na akaniambia nimpe, ataufikisha, nimpe kitu kidogo tu cha usumbufu. Nilikataa. Nikasema jambo hili ni la kupeleka mwenyewe, kwa heshima. Heshima ilikuwepo, sikatai, lakini na ule usumbufu niliupigia hesabu.

Mavuno yalikaribia. Nilisugua bidoni kwa majivu na mchanga mpaka zikang'aa. Siku nne kabla ya safari niliyoipanga, nikiwa kwenye cherehani barazani, alikuja mwanamume mmoja wa Rumonge, jirani wa mama mdogo, aliyekuwa akileta mafuta sokoni. Alivua kofia kabla ya kusalimia, nikajua.

Alisema ilikuwa homa, siku mbili tu. Alisema majirani walikuwa naye, hakufa peke yake. Nikamsikiliza mguu wangu ukiwa bado juu ya pedali.

"Sanda je?" nikamuuliza.

Alitazama kofia yake. "Tulitafuta mu nyumba, hatukuona. Watu banajua alikuwa na yake, tangu zamani, banashangaa ilienda wapi. Basi tukachanga. Vijana bakazungusha mu maduka. Usiwe na wasiwasi, dada, ilipatikana, tena ikabaki."

Akatia mkono mfukoni akatoa noti zilizokunjwa na sarafu, akaniwekea juu ya kitambaa nilichokuwa nashona. Alisema imamu ameagiza zilizobaki apewe ndugu, na ndugu ni mimi. Nilizipokea kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa, nikamshukuru. Hazikuwa nyingi. Zilikuwa kama nauli ya begi la pili.

Alipoondoka niliingia ndani nikajifungia. Nililia kuliko nilivyomlilia mama, na nilijichukia, nalisema wazi kwa sababu sijawahi kumwambia mtu. Wanawake wawili walijiandaa nusu ya maisha yao ili wasimgharimu mtu. Mmoja alitoa cha kwake kwa ajili ya mwenzake bila kufikiri mara mbili. Nami nilimwacha azungushiwe kofia kwa sababu nilikuwa nangoja mawese yashuke bei.

Nilikwenda Rumonge siku ya pili yake. Nilikuwa na mabegi mawili: moja la nguo zangu, nililolipakata, na jingine ambalo ndani yake hamkuwa na kitu ila sanda. Yule anayekusanya nauli alilinyanyua akacheka.

"Dada, hii ni nyepesi. Ingiza mu ile ingine, usipoteze franga."

"Chukua pesa yako," nikamwambia, na nikampa zile zile nilizoletewa.

Mama mdogo alikuwa amezikwa hatua chache kutoka kwa dada yake. Niliwasomea wote wawili, kisha nikaenda msikitini, nikamkabidhi imamu lile fungu: bafta, pamba, sabuni, karafuu maiti, na pesa za waoshaji alizoziweka mama. Nikamwambia ni ya mtu atakayefia hapa bila kitu, mwanamke yeyote, na kofia isizungushwe. Aliuliza amwombee nani kwa jina la sadaka hii. Nikawataja wawili, mimi sikujitaja.

Nje ya msikiti wauzaji walikuwa wamepanga bidoni za mawese kando ya barabara, mapya, mekundu, na bei ilikuwa imeshuka kweli. Mmoja aliniita, akanionjesha kwa kidole. Yalikuwa mazuri. Nilimwambia sina chombo, nikapanda basi, nikarudi Bujumbura bila mafuta.